Udongo Juu ya Paa

Mzee Armindo alishuka ngazi na soksi tu miguuni, akaugonga mlango wa Wietske kwa kiganja.

"Mwenyekiti! Hebu njoo juu uone kituko. Mlango wa chumba changu umeniweka ndani kama mwali. Nimeuvuta mpaka mgongo umelia."

Wietske Hoogland alikuwa akipiga pasi kitambaa cha meza, kile kikubwa cheupe cha kuwekea keki. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi diwani alikuwa anakuja kukata utepe wa jengo lao lililokarabatiwa. Alichomoa pasi, akapanda ngazi nyuma ya mzee. Nje mvua ilikuwa haijanyamaza tangu Jumanne jioni. Rotterdam mvua si habari ya kumsimulia mtu, lakini hii ilikuwa na ukaidi wake: hainyeshi kwa kishindo, wala haipumziki.

Armindo alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuja kutoka Cabo Verde akiwa kijana, akaendesha kreni bandarini mpaka alipostaafu, na tangu mkewe alipofariki aliishi peke yake ghorofa ya juu kabisa, upande wa kushoto wa ngazi. Upande wa kulia aliishi Ikram na bintiye mchanga. Wietske alikaa chini yao, nyumba iliyo chini ya ile ya Ikram.

"Tazama mwenyewe," alisema Armindo, akausukuma mlango wa chumba cha kulala. Ulikwenda nusu, ukalia, ukakwama.

Wietske aliinua macho. Juu ya mlango rangi mpya ilikuwa imechunika pale mbao iliposuguana na fremu. Fremu yenyewe, iliyonyooka vizuri tangu mafundi walipoondoka mwezi wa nne, sasa ilikuwa imeshuka kidogo katikati. Kutoka kwenye kona yake ulianza ufa mwembamba kama uzi, ukapanda ukutani mpaka kwenye dari. Chini, juu ya zulia la mzee, kulikuwa na vumbi jeupe.

Alimsikia Jorinde, mhandisi wa ushirika wao, kana kwamba amesimama pale chumbani. Jorinde alimwambia maneno hayo wakati wa ujenzi, wakinywa kahawa ya chupa juu ya mbao za mafundi: "Wietske, milango ndiyo husema kwanza. Ukisikia mlango wa ghorofa ya juu umeanza kugoma mvua ikinyesha, usingoje kesho. Nipigie."

"Ni unyevu, mzee," alisema Wietske. "Mbao zimevimba."

"Mbao za miaka tisini zivimbe leo?"

"Siku mbili mfululizo mvua haikatiki. Hata mimi nimevimba."

Armindo alicheka, naye akajilazimisha kucheka. Alimwambia atamwita fundi. Alipofika kwenye kipande cha ngazi kilichoelekea juu, kwenye mlango wa paa, alimsubiri mzee afunge mlango wake kwanza. Ndipo akatoa ufunguo.

Alichokiona juu kilimfanya abaki kizingitini.

Paa la jengo lile lilikuwa fahari ya mtaa mzima. Miaka sita kabla, shirika la nyumba lililomiliki majengo ya Mtaa wa Touwbaan lilitangaza kuyabomoa yote manne na kujenga majumba ya kuuzia watu wenye nazo. Wapangaji wakakataa. Wakaunda ushirika, wakamfanya Wietske mwenyekiti wao, yeye aliyekuwa dereva wa tramu na hakuwahi kuongoza hata kwaya. Wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakarudi, wakashinda. Jengo la kwanza ndilo hili: kuta zimevishwa pamba ya mbao zisipitishe baridi, paneli za jua upande wa kusini, kodi ileile ya zamani, na juu, paa la kijani la kunyonya maji ya mvua. Majengo matatu yaliyobaki yalikuwa yanangoja kuona hili litakwendaje. Watu mia mbili na ushee walikuwa wanangoja.

Jorinde alikuwa amechora udongo wa sentimita nane, si zaidi, na majani mafupi yanayojitunza yenyewe. Boriti za paa zilikuwa za mbao, za zamani, zimeongezewa nguvu kwa kiasi hicho na si zaidi ya hicho.

Lakini mwezi wa tano, Jorinde alipokwisha kukabidhi kazi na kwenda zake, Armindo na wenzake wa bustani walimjia Wietske. "Sentimita nane zinaotesha nini, mwenyekiti? Chakula cha mbuzi? Sisi tunataka maharage. Tunataka maboga." Walikuwa wamekwisha pata mbao za bure za kutengeneza makasha, na lori la udongo mweusi kwa bei ya kirafiki. Nyuso zao zilikuwa zimechangamka kama za watoto. Wietske alisema sawa. Hakumpigia Jorinde kumuuliza. Alijua Jorinde angesema nini, na hakutaka kulisikia neno hilo. Watu thelathini walijipanga kwenye ngazi siku nzima wakipokezana ndoo za udongo, wakiimba na kutaniana. Ikawa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuziona katika mtaa ule.

Sasa makasha kumi na mawili yalikuwa yamesimama katikati ya paa, udongo umejaa hadi juu ya goti, mweusi, umeshiba maji. Kati ya makasha hakukuwa na majani yanayoonekana. Kulikuwa na ziwa. Mabua ya maharage na majani makavu yalikuwa yanaelea, na yote yalikuwa yamesogea upande mmoja, kwenye kona ambako tundu la kutolea maji lilipaswa kuwa. Na maji hayakuwa sawasawa. Ukingoni yalifika kwenye kifundo cha mguu. Kule katikati, baina ya makasha, yalikuwa yamefunika ubao wa pili kutoka chini.

Paa lilikuwa limebonyea. Lilikuwa limekuwa bakuli.

Wietske alitanguliza mguu mmoja, akitaka kwenda kuzibua lile tundu. Chini ya kiatu chake kitu kililegea. Akaurudisha mguu haraka, akafunga mlango wa paa, akashuka huku ameshika ukuta.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Aliangalia saa ya jikoni, ndiyo maana alijua.

Alichukua simu, akatafuta jina la Jorinde, akalikuta. Kidole kikabaki hewani.

Aliogopa. Hakuogopa paa peke yake. Akilini aliona magari ya zimamoto mlangoni, na mtu wa gazeti akipiga picha. Aliwaona mabwana wa shirika la nyumba wakitabasamu kwa huzuni mbele ya hakimu: tuliwaambia, majengo haya hayafai, wapangaji hawawezi. Aliona barua za notisi zikirudi kupita kwenye matundu ya milango ya majengo yale matatu. Halafu aliona mkono wake mwenyewe ukitikiswa na Armindo mwezi wa tano, na kusikia sauti yake ikisema sawa.

Huenda mvua itakatika, alijiambia. Redio ilisema mchana itapungua. Ikipungua, maji yatashuka yenyewe taratibu. Jumapili, wageni wakishaondoka, tutautoa udongo kimyakimya.

Akaiweka simu mezani, uso chini. Akachomeka pasi. Akaendelea kupiga pasi kitambaa cha meza.

Alikipiga chote, akakigeuza, akakipiga tena. Kila mara alisimama kusikiliza. Juu yake, kwa Ikram, kulikuwa kimya, na alijua kwa nini. Ikram alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Alirudi alfajiri, dada yake akamletea mtoto, Hiba, wa miezi minane, kisha mama na mwana wakalala hadi adhuhuri. Kengele ya mlango aliizima kila siku. Wietske alijua. Aliendelea kupiga pasi.

Saa nne kasoro dakika kumi alisikia mlio. Ulikuwa mkavu na mfupi, kama mtu amevunja kuni gotini. Ulitoka juu, ukashuka ndani ya ukuta mpaka kwake. Taa ya jikoni ikayumba kidogo kwenye waya wake.

Safari hii alipiga.

"Jorinde. Paa. Kuna maji, na mlango wa Armindo umekwama, na nimesikia boriti."

"Maji kiasi gani?"

"Mengi. Na kuna udongo." Aliweka kiganja juu ya goti lake. "Tuliongeza udongo. Makasha kumi na mawili, hadi hapa... juu ya goti."

Upande wa pili hapakuwa na lawama wala swali.

"Nisikilize vizuri. Toa watu wote wa ngazi yako. Sasa hivi. Anza na wa juu. Mtu yeyote asipande paani, hata iweje. Zimamoto nawaita mimi. Nenda, Wietske, usikate simu, nenda!"

Alipanda ngazi mbili mbili. Armindo alifungua akiwa na kikombe mkononi.

"Mzee, vaa viatu utoke. Paa linaanguka."

"Linaanguka nini?"

"Paa! Udongo wetu! Toka!"

Armindo hakuvaa viatu. Alimtazama usoni mara moja, akaweka kikombe chini pale pale kizingitini, akatoka.

Wietske alibonyeza kengele ya Ikram, halafu akakumbuka. Akaupiga mlango kwa ngumi. "Ikram! Ikram, amka! Ikram!" Alipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe zikasikika hatua, na sauti nzito ya usingizi.

"Nani? Kuna nini?"

"Mimi Wietske. Mchukue mtoto mtoke nje, upesi, paa limepasuka."

Kitasa kiligeuka. Mlango ulitikisika. Haukufunguka.

Kitasa kiligeuka tena, na tena. "Dada Wietske, umekwama."

"Vuta kwa nguvu."

"Navuta! Haufunguki! Mlango haufunguki!" Usingizi ulikuwa umekwisha katika sauti ile. "Kuna vitu vinadondoka huku. Dari linadondoka jikoni!"

Wietske alipiga magoti, akasukuma kifuniko cha tundu la barua. Aliona miguu mitupu ya Ikram, ukumbi mfupi, na kule mwisho jikoni vumbi jeupe likishuka kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya kabati jipya. Mtoto alianza kulia chumbani.

"Ikram, nitazame hapa chini. Mchukue Hiba. Usiingie jikoni. Njoo naye ukae hapa mlangoni, ubanane na ukuta. Unanisikia? Ukuta huu ni wa tofali, huu ni mnene."

"Usiondoke."

"Siondoki."

Miguu ilikimbia, ikarudi. Vidole vya Ikram vikapenya kwenye tundu la barua, na Wietske akavishika. Vilikuwa baridi. Nyuma yao ukasikika mlio mwingine, mrefu kuliko wa kwanza, kitu kikipasuka taratibu kwa urefu wake, na Ikram akapiga yowe. Wietske naye alipiga yowe. Alijikuta anasema tu, "Nipo, nipo, nipo," na ndani yake neno jingine likizunguka: saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na dakika kumi mlango huu ungefunguka kwa kidole.

"Sogea, mwenyekiti."

Ni Armindo. Alikuwa ameshuka hadi stoo na kurudi, kwa soksi zilizoloa, na mkononi alikuwa na mtaimbo. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka.

"Binti," alisema kwenye tundu la barua, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kushusha makontena juu ya vichwa vya watu kwa miaka mingi, "upe mlango mgongo, mfunike mtoto uso. Nikisema vuta, uvute kitasa, usiulize."

Alipenyeza ncha ya mtaimbo kati ya mlango na fremu, chini ya kufuli. Akaegemea. Mbao ikalia. Hakuna kitu. "Njoo uweke uzito wako, dada, mimi ni ngozi na mifupa tu siku hizi." Wietske akajitupa juu ya mtaimbo kwa mwili mzima. Fremu ikapasuka kwa upande. "Vuta!"

Mlango ulifunguka kiasi cha shibiri moja, ukakwama tena. Kupitia mwanya huo Ikram alimtoa Hiba kwanza, miguu mbele, amefungwa katika shuka, analia kwa hasira. Wietske alimpokea. Kisha Armindo akakaza mtaimbo mara ya pili, na Ikram akapenya kwa ubavu, ngozi ya bega lake ikibaki kwenye fremu.

Hawakusemezana. Walishuka. Kila mlango waliopita Armindo aliupiga kwa mtaimbo akipaza sauti, "Nje! Nje wote!" na watu wakatoka, wengine na mabakuli ya uji mkononi, mmoja na sabuni ya kunyolea mashavuni.

Walisimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha kituo cha tramu, watu kumi na saba. Wietske aliwahesabu mara tatu. Zimamoto walifika, wakafunga barabara. Jorinde alifika kwa baiskeli, mvua imemlowesha chapachapa, akaenda moja kwa moja kuongea na mkuu wao bila kumtazama mtu.

Saa nne na dakika ishirini na tano paa liliporomoka.

Halikuanguka lote. Ilikuwa sehemu moja tu, juu ya jiko na sebule ya Ikram na nusu ya chumba cha Armindo. Sauti yake haikuwa kubwa kama Wietske alivyotazamia. Ilikuwa mshindo mzito, uliozibwa, kama gunia kubwa limetuliwa chini. Dirisha la jikoni likapasuka, na udongo mweusi ukamwagika nje, ukashuka ukutani pamoja na majani, ukiichafua rangi mpya ghorofa hadi ghorofa. Boga moja lilibingirika mpaka kwenye mfereji wa barabara.

Ikram alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, blanketi la zimamoto mabegani, anamnyonyesha Hiba. Alilitazama dirisha lake. Halafu akamtazama Wietske, akasema, "Mungu akulipe, dada. Bila wewe tungekuwa ndani."

Wietske alikwenda nyuma ya kibanda akasimama peke yake mvuani.

Diwani hakuja Jumamosi. Familia nane za ngazi ile zilitawanywa kwenye nyumba za muda, wengine kusini mwa mto, wengine kwa ndugu zao. Gazeti lilichapa picha ya boga. Jengo la pili lilisimamishwa mpaka ripoti itoke.

Wiki iliyofuata ushirika ulikutana katika ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, watu wakikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Jorinde alisoma hesabu zake bila kupamba. Udongo, ukiwa umeloa, ulikuwa na uzito zaidi ya mara nne ya ule uliochorwa. Tundu la maji lilizibwa na majani. Sehemu nyingine zote za jengo zilikuwa salama, na paa lingejengwa upya kwa miezi mitano.

"Nani aliruhusu udongo?" Aliyeuliza alikuwa Gerben, fundi wa baiskeli, mpangaji wa jengo la tatu.

Armindo aliinuka. "Lori niliagiza mimi."

"Mzee, kaa," alisema Wietske. Akasimama mwenyewe. "Aliniuliza mimi kwanza. Nikasema sawa. Sikumuuliza mhandisi. Nilijua atakataa."

Gerben alimgeukia. "Miaka sita umetuambia tuamini vipimo, tusiamini maneno ya shirika. Nimekesha na vipimo vyako mpaka mke wangu akasema nihamie kwenye makaratasi. Na wewe mwenyewe hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Sasa watu wangu wanalala wapi kama jengo letu likifutwa?"

Palikuwa na kelele, kisha vilio, kisha mtu akasema angalau hakuna aliyekufa, na mwingine akasema shukrani kwa mwenyekiti aliyepanda kuwatoa. Baadhi wakapiga makofi. Yale makofi yalimwumiza kuliko maneno ya Gerben. Alijiuzulu, akaenda kwenye nyumba yake ya muda. Zile dakika arobaini hakuzitaja.

Hazikumwacha. Alizikuta sokoni, kwenye foleni ya samaki. Hakuna aliyejua. Jorinde alijua saa aliyopigiwa, hakujua saa ambayo Wietske alipanda paani. Ingewezekana kukaa nazo hadi kaburini, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba lilikuwa rahisi kiasi kile.

Jumanne moja mchana alipanda tramu, akavuka mto, akagonga kwa Ikram.

Ikram alifurahi kumwona. Alimimina chai ya nanaa kutoka juu, kwenye glasi ndogo, akamsukumia sahani ya vitumbua vya asali. Hiba alikuwa anatambaa chini ya meza, anagonga kijiko sakafuni.

"Kula, dada, umekonda. Mama yangu anakuombea kila siku, unajua?"

"Ikram. Nililiona paa saa tatu na dakika kumi."

"Paa gani?"

"Siku ile. Nilipanda nikaona maji, nikaona limebonyea. Nilijua ni nini. Nilimpigia Jorinde saa nne kasoro kumi."

Ikram aliweka birika chini. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Dakika arobaini."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napiga pasi."

Hiba alicheka chini ya meza. Ikram aliinama, akamtoa, akamweka begani, akamshika kichwa kwa kiganja kizima kama vile chumba hiki nacho kina dari la kuogopwa.

"Ulijua tumelala?"

"Nilijua."

"Mbona unaniambia? Ungenyamaza tu. Ningekupenda mpaka nife."

"Niliogopa nyumba zitachukuliwa. Zote. Nikafikiri—"

"Sitaki ulichofikiri." Sauti yake haikupanda. "Toka, dada Wietske. Tafadhali. Toka kabla sijasema neno mbele ya mtoto."

Alitoka. Alikaa kwenye kituo cha tramu, zikapita tatu asipande hata moja.

Zilipita siku tisa. Ya kumi, kengele ya nyumba yake ya muda ililia, na mlangoni alisimama Ikram, Hiba amelala kwenye kigari chake, kofia imemfunika macho.

"Sikuja kukusamehe," alisema Ikram. "Tuelewane hapo."

"Sawa."

"Michoro ya jengo unayo? Yote? Ile uliyokuwa unaibeba kwenye mikutano?"

"Ninayo."

"Nifundishe kuisoma. Mimi nakwenda kulala tena chini ya paa lile, na mwanangu. Sitaki kumtegemea mtu aniambie liko salama. Si wewe, si Jorinde."

Wietske alitandaza michoro mezani. Alianza na msingi, nguzo za mbao zilizozama kwenye matope ya mto, akapanda ghorofa moja moja. Ikram aliuliza kila namba. Hii ni uzito? Wa nini? Ukizidi kinatokea nini kwanza? Utajuaje? Aliandika majibu kwenye daftari, na pale Wietske alipobahatisha, alimkazia macho. "Unajua au unadhani?" Mara mbili Wietske alilazimika kusema anadhani. Wakampigia Jorinde.

Ripoti ilitoka kabla ya Krismasi. Jengo la pili liliruhusiwa kuendelea, kwa masharti, na Gerben akaacha kumpita Wietske barabarani bila salamu, ingawa salamu yenyewe ilikuwa fupi. Katikati ya mwezi wa tatu familia nane zilirudi Mtaa wa Touwbaan. Wanachama walimchagua Ikram kuwa mwenyekiti kwa kura nyingi, na Armindo akapeleka makasha mapya kwenye ua, chini kabisa, ambako Jorinde alikuwa amekagua ardhi kwa mguu wake mwenyewe.

Amri ya kwanza ya Ikram ilihusu tundu la maji ya paa. Lisafishwe kila wiki, na watu wawili, kamwe asiende mmoja. Jina la kwanza aliloandika lilikuwa la Wietske. La pili lilikuwa la Gerben.

Walipanda Jumatano asubuhi, upepo ukivuma kutoka bandarini. Gerben alifungua mlango, akakanyaga nje, akageuka. Wietske alikuwa bado kizingitini, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Unatetemeka," alisema Gerben.

"Natetemeka."

Gerben alimtazama, akatazama paa, majani mafupi ya kijani yamelala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Akajifuta mkono kwenye suruali, akamnyooshea.

"Haya, shika. Tupite pembeni, penye ukuta chini yake, kama karatasi ya Ikram ilivyosema."

Walikwenda pembeni, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kona. Wakapiga magoti, wakatoa majani nusu ndoo, wakamwaga chupa ya maji kwenye tundu na kuyasikiliza yakishuka mpaka chini kabisa. Gerben aliandika tarehe na saa. Kisha wakarudi walikopitia.